SOMO LETU: ALMASI INATOKA WAPI?



Hapa Rwanda hatuchimbi almasi. Wenzetu wa Rutongo na Rwinkwavu wanajulikana kwa kasiteriti, yaani mawe ya bati. Lakini kwa jirani zetu wa Tanzania, huko Mwadui mkoani Shinyanga, almasi iligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Kwa nini kule iwepo, hapa isiwepo?

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi husema almasi ni makaa ya mawe yaliyokaa sana ardhini. Sivyo. Makaa ya mawe ni miti na majani ya kale, na almasi nyingi zilikuwapo kabla mimea haijaota katika nchi kavu. Nyingi zina miaka zaidi ya milioni 1,000, na nyingine zaidi ya milioni 3,000. Kinachofanana ni kaboni tu, ambayo imo pia katika masizi ya jiko.

Almasi nyingi zilifanyika kilomita 150 hadi 200 chini, katika tabaka liitwalo manto. Chukua barabara ya Kigali mpaka Gisenyi, uisimamishe wima kwenda chini: huko ndiko. Joto hufika digrii 900 hadi 1,300, na uzito wa miamba iliyo juu hugandamiza kama mara 50,000 kupita hewa tunayovuta. Hapo kaboni hushikamana mpaka ikawa jiwe gumu kuliko yote.

Hali hiyo hupatikana chini ya nchi zenye mwamba mkongwe na mnene sana, kama katikati ya Tanzania. Miamba yetu ni ya ukanda mwingine, ulio mchanga zaidi. Bati letu lililetwa na maji ya moto yaliyotoka katika matale, yakajaza nyufa zisizo mbali sana chini.

Basi almasi ilipandaje? Ililetwa na volkano. Tope la moto lenye gesi nyingi lilifyatuka kutoka chini kama bia katika chupa iliyotikiswa. Kama lingepanda polepole, almasi ingegeuka kuwa kile kitu cheusi cha penseli. Lilipopoa likawa mwamba uitwao kimbalaiti. Ule wa Mwadui umeenea karibu hekta 146, nao una miaka kama milioni 50.

Sasa tufike kwetu. Mwadui, tani 100 za mwamba hutoa takriban karati 6 tu, yaani gramu moja na kidogo. Kampuni haikuitengeneza almasi, dunia iliifanya. Lakini tani 100 hazijiinui zenyewe. Huchimbwa, hupakiwa, husagwa na huoshwa na wafanyakazi. Na baada ya gramu ile kuondoka, karibu tani zote hubaki, nyingine zikiwa tope. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya wanavijiji.

Ndiyo sababu tunasema: anayejua jiwe linavyopatikana hujua pia kazi yake na hatari yake. Madini hayaoti tena kama chai baada ya kuchumwa. Haki isiyodaiwa wakati shimo lina mali, itadaiwa wapi shimo likiisha?

Maswali ya kujadili tawini:
1. Mahali petu pa kazi, takataka na maji machafu huwekwa wapi, na nani hukagua?
2. Kazi ikimalizika, mfanyakazi atabaki na nini?