Utumbo Mwembamba wa Farasi Unapoziba

Daktari wa mifugo anajibu maswali ya wafugaji na masaisi.

Daktari, farasi wengi hushikwa na msokoto wa tumbo wakapona kwa sindano moja. Mbona huu wa utumbo mwembamba unaogopwa?

Kwa sababu farasi hatapiki. Msuli unaofunga mlango wa mfuko wa tumbo lake una nguvu mno, kilichoingia hakirudi. Utumbo mwembamba una urefu wa mita 20 hivi, na kila siku hupitisha lita nyingi za mate na maji ya kusaga chakula. Ukiziba, maji hayo hurudi nyuma na kujaa kwenye mfuko wa tumbo, ambao kwa mnyama mkubwa hivyo hubeba lita 8 hadi 15 tu. Ukizidiwa hupasuka, na ukipasuka hapana tiba tena.

Ndiyo maana nikishapima mapigo ya moyo, napitisha mpira puani hadi tumboni. Yakitoka maji zaidi ya lita 2, naushuku utumbo mwembamba mara moja. Mpira huo unanipa jibu na papo hapo unampa mgonjwa nafuu. Kwa hiyo nawasihi: msimnyweshe farasi mwenye maumivu mafuta wala dawa ya chupa kabla tumbo halijapimwa. Mnaongeza maji palipokwisha kufurika.

Huziba kwa sababu gani?

Mimi huanza kwa kuuliza umri. Kwa farasi mzee, hasa aliyepita miaka 15, nafikiria kwanza uvimbe wa mafuta. Huota kwenye utando unaoshikilia utumbo, ukaning'inia kwa kikonyo kama embe. Si saratani, na unaweza kukaa miaka bila kumsumbua, mpaka siku kikonyo kinapojizungusha kwenye utumbo na kuukaba, damu isipite. Hapo kipande kilichokabwa huanza kufa kwa muda wa saa chache.

Kwa dume asiyehasiwa, shika korodani kwanza: utumbo huweza kuteremkia huko, yaani ngiri. Farasi mwenye mazoea ya kung'ata mbao na kuvuta hewa ana hatari kubwa zaidi ya utumbo kupenya kwenye tundu la asili lililo karibu na ini na kunaswa humo. Tegu nao hujikusanya pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na husababisha kuziba au utumbo kujimeza wenyewe. Kusini-mashariki mwa Marekani, nyasi kavu nyembamba za aina ya Coastal zinajulikana kwa kushonana mahali hapohapo.

Na kuna mara hakuna kilichoziba: sehemu ya mwanzo ya utumbo imevimba na kuuma tu. Maji hurudi vilevile, lakini yakishatolewa kwa mpira maumivu hupungua, farasi akabaki mnyonge, mara nyingi na homa. Huyo mara nyingi hutibiwa bila kisu. Aliyekabwa utumbo huendelea kuumwa hata baada ya tumbo kutolewa maji.

Mwanafarasi wangu alipewa dawa ya minyoo, kesho yake akaanza kugaagaa. Dawa ilikuwa mbovu?

Huenda ilifanya kazi kwa kasi mno. Mchango wa farasi ni mnyoo mnene, wengine hupita sentimita 30, na mwanafarasi mmoja anaweza kubeba mamia. Dawa zinazowapooza, kama ivermectin na pyrantel, huwafanya wote waachie kwa pamoja wakaziba njia kama kizibo. Mtoto mwenye kitambi, manyoya makavu na asiyekua vizuri apimwe kinyesi kwanza. Akiwa na minyoo mingi, madaktari wengi hupendelea fenbendazole, ambayo huwaua polepole. Mayai ya minyoo hiyo hudumu ardhini kwa miaka, kwa hiyo samadi iondolewe mara kwa mara, bandani na uwanjani.

Nimwite daktari wakati gani?

Mara tu anapoacha kula, akiparapara ardhi kwa kwato na kujitazama ubavuni. Mapigo ya moyo wa farasi aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60, usingoje. Dawa ya maumivu mpe kwa ushauri wa daktari tu, maana ikimtuliza kwa saa mbili na ugonjwa ukirudi, umepoteza saa mbili za upasuaji. Farasi anaweza kuishi vizuri hata akikatwa karibu nusu ya utumbo mwembamba, ila asiwe amecheleweshwa. Palipo mbali na hospitali ya kumpasua, heri uamuzi wa kumpumzisha ufanywe mapema kuliko kumwacha ateseke usiku kucha.

Mimi nina punda wa mizigo. Yananihusu?

Yanakuhusu sana. Tumbo lake halina tofauti kubwa, lakini punda huficha maumivu. Hagaagai, husimama pembeni kimya, masikio chini, chakula hakigusi. Tena punda asipokula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kuliumiza ini, hasa kwa mnene au mwenye mimba. Akisusa chakula asubuhi, nipigie simu kabla ya jioni.