Basi Kuukuu Kuwa Duka: Anzia Uvunguni

Basi lililokatiwa tamaa na mwenyewe bado lina paa, sakafu, mlango na madirisha. Mtu wa Wote, Makindu au Mwingi anayetafuta duka, kibanda cha kinyozi au mkahawa mdogo anaweza kulinunua kama chuma chakavu. Tatizo ni kwamba wengi hukimbilia rangi na mapambo, na pesa huishia huko.

Kabla ya kulipa, ingia uvunguni na nyundo na bisibisi. Gonga vyuma vinavyobeba sakafu, hasa karibu na matairi ya nyuma na chini ya mlango, ambako matope hujikusanya. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, na ukikidunga bisibisi inazama. Pakiwa pameoza mahali pawili patatu tu, fundi wa kuchomelea atakata na kuweka kipya. Pakioza upande mzima, liache. Dai kitabu cha gari na hati ya mauziano, kisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iarifiwe kwamba gari halirudi barabarani.

Tangi la mafuta, betri na viti vya sponji vitoke kabla ya kuchomelea. Sponji ikishika moto, moshi wake unaua.

Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyo hiyo. Bawaba na reli za madirisha zitie grisi. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao katika Ziwa Tanganyika baada ya kuipaka mitambo yake grisi nene. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ya shilingi chache ni kinga ya kweli.

Liinue juu ya nguzo za zege, zikae chini ya chesisi, si chini ya bodi. Acha nafasi ya kuona mchwa wakipanda.

Usilipuuze paa. Jua la Kibwezi hugeuza basi kuwa tanuri, kwa hiyo simamisha mabati juu yake, upepo upite katikati. Mabati ya mita 10 kwa 3 hukinga karibu lita 600 mvua ya milimita 20 ikinyesha. Weka gata na tangi kabla ya Oktoba, maana mvua za mwisho wa mwaka ndizo Ukambani hutegemea zaidi.

Leseni ya kaunti ni lazima, na ukipika, idara ya afya ya umma itakagua. Ukitaka kukaa kando ya barabara ya Mombasa, ulizia KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, mpaka wa hifadhi ya barabara kabla hujalikokota basi hadi hapo. Likikutwa ndani ya hifadhi utaamriwa kuliondoa, na gharama ni yako.