Pleya ya santuri: ya mtumba au mpya? Uliza sindano kwanza

Wewe wa Kishanda uliyeachiwa santuri na mzee, kabla ya kuulizia bei ya pleya fungua lile sanduku usome karatasi iliyo katikati ya kila santuri. Zikiwa za mizunguko 45 au 33 kwa dakika, kama zile ndogo za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, pleya karibu yoyote itazipiga. Zikiwa za 78, zile nzito zinazovunjika zikianguka, aina aliyorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, mambo hubadilika. Pleya nyingi mpya hazina mwendo huo. Tena mfereji wa 78 ni mpana na unataka sindano yake pana. Ile ya 45 itakukwaruzia tu. Mwenye 78 atafute pleya ya zamani yenye sindano ya kugeuza, upande mmoja wa 78, mwingine wa 45 na 33.

Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, yenye sindano za chuma, ni ya 78 peke yake. Santuri ya plastiki itachimbwa kwa mpigo mmoja na haitengenezeki.

Pleya ya mtumba, iwe imetoka Dar es Salaam au imepitia Mutukula, igeuze usome kibao cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ya Marekani huandikwa 120 na 60. Muuzaji atakwambia transfoma inatosha. Inatosha kwa volti tu. Mota nyingi za zamani hufuata hezi, kwa hiyo santuri ya 33 itazunguka kama mara 28 kwa dakika, na mwimbaji ataimba kama anayesinzia. Dawa yake ni kubadili puli ya mota, na puli hiyo utaisaka mpaka uchoke. Zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza au Ujerumani hazina tatizo hilo.

Kisha ipigwe mbele yako, upande mzima wa santuri unayoijua, maana mota mbovu mara nyingi huanza kuyumba ikishapata moto. Sikiliza pale saksafoni inapovuta sauti ndefu: ikitetemeka, mkanda umelegea au mpira wa ndani umekauka. Mkanda hubadilishwa. Lakini ushike mkono wa sindano taratibu, uutikise; ukilegea kwenye kiungo chake, mrudishie mwenyewe, kwani fundi redio wa kawaida hana vifaa vya kazi hiyo. Ya zamani ambayo ningeinunua bila kusitasita ni Technics SL-1200, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972: haina mkanda, mota inazungusha sahani moja kwa moja.

Na mpya? Audio-Technica AT-LP60X hutumia adapta, hivyo hezi hazikuhusu, na ina kikuza sauti ndani yake: unaichomeka kwenye sabufa yako ya kawaida. Ya zamani kwa kawaida hudai amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO. Bila hilo sauti hutoka nyembamba, besi hamna. Ila jihadhari na pleya mpya za kisanduku, zinazofungwa kama begi. Zinapendeza macho, lakini nyingi hukandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, wakati pleya nzuri hutumia kati ya 1.5 na 3.

Bukoba na Muleba ni nchi ya mvua, na santuri zilizokaa sandukuni hushika kuvu. Zioshe kwa maji na sabuni kidogo bila kulowesha karatasi ya katikati. Za 78 usizipake spiriti, huziyeyusha.

Kwa mwenye 45 na 33 tu, asiye na fundi wa karibu, ushauri wangu ni pleya mpya yenye sindano inayochomoka. Sindano ya almasi hudumu kama saa 500 hadi 1,000, na iliyokwisha hula santuri. Basi siku ya kununua pleya, iwe mpya au ya mtumba, nunua na sindano ya akiba; muuzaji akikosa kukuonyesha inakopatikana, usitoe pesa.