Mwongozo wa Mfumo Hupangwa Kabla ya Kuandikwa

Mwenye duka la rejareja anayehitaji leseni ya biashara huiomba kupitia TAUSI, mfumo wa mapato ya serikali za mitaa ulio chini ya OR-TAMISEMI. Asipozielewa hatua zake, hukimbilia steshenari, akamlipa mtu amjazie maombi na kumwachia nywila, namba ya NIDA na namba ya mlipakodi. Pengo hilo huzibwa na mwongozo wa mtumiaji, yaani kijitabu kinachomwelekeza mwananchi hatua kwa hatua. Lakini kijitabu kilichoandikwa bila mpango huishia kabatini.

Mtaalamu wa Marekani JoAnn Hackos, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu usimamizi wa kazi za aina hii, aliigawa kazi katika awamu 5: kupanga, kuainisha yaliyomo, kuandika, kutoa nakala na kutathmini. Alikadiria kuwa awamu mbili za kwanza zichukue takriban asilimia 30 ya muda wote. Kwa kazi ya siku 20, hizo ni siku 6 kabla ya aya ya kwanza kuandikwa.

Jambo la kwanza katika siku hizo ni kumjua msomaji. Anatumia simu janja au kompyuta? Anapata intaneti kila siku? Mfanyabiashara anayeomba leseni mara chache hahitaji kitabu kilekile anachohitaji ofisa biashara anayeshughulikia maombi kila siku. Kitabu kimoja kikiandikwa kwa ajili ya wote wawili, mmoja wao atapotea njiani.

Jambo la pili ni kuorodhesha shughuli za mwananchi badala ya vitufe vya mfumo. Kichwa kisemacho "Menyu ya Malipo" hakimsaidii asiyejua menyu hiyo ni ya nini. Kisemacho "Namna ya kupata kumbukumbu namba na kulipia leseni" kinajibu swali alilokuja nalo.

Jambo la tatu ni kugawana kazi. Mtaalamu wa TEHAMA athibitishe usahihi wa hatua, ofisa biashara athibitishe masharti ya leseni, mwandishi mmoja alinganishe lugha, na kila mmoja apewe tarehe ya kukamilisha sehemu yake.

Uandishi ukianza, kila hatua ibebe tendo moja tu, ipewe namba, na ieleze kitakachoonekana baada ya tendo hilo. Maneno "Jaza taarifa zako kisha endelea" hayatoshi. Ni bora kuandika: "Andika namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Hakiki kila tarakimu kabla ya kuendelea." Kila sura ieleze pia la kufanya mambo yakikwama, kwa maana msomaji hufungua mwongozo hasa anapokwama.

Kabla ya kuchapa, rasimu ijaribiwe. Apewe mwananchi ambaye hajawahi kuutumia mfumo, naye mwandishi akae kando bila kumsaidia. Pale mkono wa msomaji unaposita, hapo ndipo pa kurekebisha. Jalada lioneshe tarehe na toleo, kwa kuwa mfumo ukibadilika mwongozo wa zamani hupotosha.

Wakazi wa kata wana nafasi katika kazi hii. Mtendaji anapotafuta watu wa kujaribu rasimu, wajitokeze, hasa wale wanaodhani hawajui kompyuta, kwa kuwa hao ndio wanaohitajika zaidi. Aliyekwama ataje ukurasa na namba ya hatua anapotoa taarifa katika ofisi ya kata, ili kosa lirekebishwe haraka.

Mwongozo umetimiza kazi yake pale mwenye duka anapokamilisha maombi akiwa dukani kwake, kwa mkono wake mwenyewe, na nywila yake ikabaki siri yake.