Nyimbo za Wazee Zisipotee

Somo: Yohana 6:1-13

Bwana Yesu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, hakuyaacha mabaki majanini. Aliwaamuru wanafunzi wayaokote, nao wakajaza vikapu 12. Sisi wa Mwamanyili tunayo mabaki yetu ambayo hatuyaokoti: sauti za wazee wetu.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mwaka 1987, tulipokuwa tukifundisha, tulinasa kwenye kaseti nyimbo za kulima za akina mama wazee wa kijijini. Baadaye kwaya ilihitaji kaseti ya mazoezi, na fedha hazikuwapo. Tukanasa kwaya juu ya sauti za wale mama. Tulidhani hakuna hasara, kwa kuwa nyimbo za kwaya ni za Mungu na zile ni za jembe tu. Leo akina mama wale wote wamefariki, na kaseti yenyewe haisikiki tena.

Tusiseme kazi hii ni ya wataalamu peke yao. Hugh Tracey, Mwingereza, alifika Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, mwaka 1921 ili kulima tumbaku. Nyimbo alijifunza shambani kwa wafanyakazi. Mwaka 1950 alizunguka Tanganyika akinasa muziki wa makabila mengi, Wasukuma wakiwamo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika ya Kusini, na sauti zile zinasikika hata leo. Lakini mgeni hupita; hawezi kufika kila kijiji. Mjukuu anayekaa na bibi yake anaweza kumwuliza maana ya kila neno, na wimbo huu uliimbwa wakati gani.

Wengine watauliza: je, Mkristo ahifadhi hata nyimbo zinazotaja dawa na mizimu? Kuhifadhi si kuabudu. Ndugu zetu Wakatoliki wa Bujora, karibu na Mwanza, wametunza ngoma na vitu vya asili vya Wasukuma kwa miaka mingi, nao wangali wanasali.

Basi, mwenye simu na afanye hivi:

1. Amwombe mzee ruhusa kwanza.
2. Kabla ya wimbo, ataje jina la mwimbaji, kijiji, tarehe na kazi ya wimbo huo.
3. Asikate kwa sababu kuku wamelia. Aache wimbo uishe.
4. Aweke nakala mahali pawili, kwa maana simu hupotea.

Maswali ya kuzungumza:
(a) Ni mzee gani wa jumuiya yetu anayejua nyimbo za bugobogobo, zile za kulima kwa pamoja?
(b) Nani atakwenda kwake kabla ya Jumapili ijayo?

Sala: Ee Bwana, uliyejali hata mabaki ya mkate, utusamehe tulivyovipoteza, utufundishe kuvitunza vilivyosalia. Amina.