Faili la Mtoto Njiti Lina Kazi Mbili

Wazazi wenye mtoto njiti katika wodi ya uangalizi maalumu hutuuliza mara nyingi: "Sista, mbona mnaandika kila saa?" Uzito, joto, maziwa, oksijeni, vyote huingia kwenye faili. Kazi ya kwanza ya faili hilo ni kumtibu mtoto wako. Ya pili ni kutufundisha namna ya kuwatibu watoto watakaokuja.

Kumbukumbu zilizookoa macho

Katika miaka ya 1940, njiti wengi katika nchi tajiri walipofuka, na chanzo hakikujulikana. Mwaka 1951 Dk. Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alilinganisha watoto wa hospitali tatu. Aliona ugonjwa huo ulikuwa mwingi zaidi pale walipopewa oksijeni nyingi. Mwaka 1953 hospitali 18 za Marekani zilianza utafiti wa pamoja, nao ukathibitisha jambo hilo. Oksijeni iliyozidi huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Baadaye ilionekana pia kwamba kuibana mno huua. Ndiyo sababu leo tunamfunga mtoto kipimo mguuni au mkononi na kuandika tarakimu zake.

Kifua cha mama

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kuhusu watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliobebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walilinganishwa na wale waliosubiri kwanza hali yao itulie. Katika siku 28 za kwanza, walifariki 12 katika kila 100 waliobebwa mapema, na karibu 16 katika kila 100 waliosubiri. Bila kumbukumbu sahihi, tofauti hiyo isingeonekana.

Je, siri ya mtoto wangu italindwa?

Ni haki yako. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Utafiti hupaswa kupata kibali cha kamati ya maadili, na mara nyingine mafaili ya zamani hutumika kwa kibali hicho, majina yakiwa yameondolewa. Ukiombwa kumwingiza mtoto katika utafiti mpya, uliza: unatafuta nini? Una hatari gani? Nani ataona taarifa? Unaweza kukataa, na matibabu yake hayapaswi kupungua.

Familia ifanye nini?

1. Taja kwa ukweli tarehe ya hedhi ya mwisho na magonjwa ya ujauzito. Usione haya.
2. Tunza kadi ya kliniki, uje nayo kila mara.
3. Mrudishe mtoto siku uliyopangiwa, hata akiwa mzima. Macho na masikio hupimwa baadaye.
4. Mtoto akifariki nyumbani, tuleteeni habari. Hatuji kulaumu. Asipoandikwa, vitabu vyetu vitasema amepona, na kilichomwua kitaendelea kuwaua wengine.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Kwa nini baadhi ya familia huficha kifo cha mtoto mchanga?
2. Tutamsaidiaje mama wa njiti apate nauli ya kurudi kliniki?