Usimwambie Mgonjwa "Jikaze": Afya na Twahara kwa Anayelala Kwenye Vibanda vya Mlimani



Kila msimu wa kiangazi vijana wetu wengi hupanda Mlima Kilimanjaro. Wapo wanafunzi wanaokwenda na shule zao, wapo wanaokwenda na jamaa zao, na wapo wanaokwenda kutafuta riziki kwa kubeba mizigo ya wageni. Nyumbani mzazi huuliza habari za nauli, koti na chakula. Ni wachache wanaouliza: huko mtalala wapi, na mmoja wenu akiumwa usiku mtafanya nini?

Swali hilo ndilo somo letu la leo. Maradhi ya mlimani mara nyingi hayampati mtu akiwa njiani. Humjia saa kadhaa baada ya kufika kituoni, watu wakiwa wameshakula, wameshasali na wamejifunika kulala.

VIBANDA NA HEWA YAKE

Katika njia za kupandia Kilimanjaro, njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala. Wanaopita Machame, Lemosho au Rongai hulala kwenye mahema. Njia ya Marangu ina vituo vitatu. Cha kwanza ni Mandara, kwenye kimo cha mita 2,700 hivi. Cha pili ni Horombo, mita 3,720. Cha tatu ni Kibo, takriban mita 4,700. Kutoka hapo watu huondoka kiasi cha saa sita usiku kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mlima Meru nao una vibanda vya Miriakamba na Saddle, na Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon una Old Moses na Shipton's.

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Ukiwa Horombo, kila pumzi inakupa kiasi cha theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Ukiwa Kibo unapata zaidi kidogo ya nusu. Allah (s.w.) ameuumba mwili na uwezo wa kuizoea hali hiyo, lakini unahitaji siku, si saa. Ndiyo maana madaktari husema kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala usiku huu pasizidi mahali ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na baada ya kila siku tatu au nne upumzike siku moja.

Sasa tazama hesabu ya Marangu. Kutoka Mandara hadi Horombo ni mita elfu moja. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita elfu moja nyingine. Kila usiku kimo kinapanda mara mbili ya kile mwili unachoweza kukizoea kwa salama. Kwa hiyo anayepanga safari asikubali ile ya siku 5 kwa kuwa ni nafuu. Achukue ya siku 6, alale Horombo usiku wa pili. Siku hiyo ya katikati atembee taratibu hadi kwenye miamba ya mistari kiasi cha mita 4,000, kisha arudi kulala Horombo. Panda juu, lala chini.

DALILI ZA USIKU

Maradhi ya mwinuko hayajali nguvu wala ujana. Kijana mcheza mpira anaweza kuanguka na mzee wake akafika salama, kwa sababu kijana alikwenda mbio na mzee alikwenda pole pole. Dalili za mwanzo ni hizi:

1. Kuumwa kichwa. Hii ndiyo kubwa.
2. Kichefuchefu, kutapika au kukataa chakula.
3. Uchovu usio wa kawaida na kizunguzungu.
4. Kukosa usingizi.

Mwenye dalili hizi asipande zaidi. Abaki pale alipo, anywe maji, apumzike, na anaweza kumeza dawa ya kawaida ya maumivu. Lakini dawa hiyo isiwe hila ya kukificha kichwa ili aendelee na safari. Asubuhi akipata nafuu kamili, ataendelea. Hali ikizidi, ashuke.

Zipo dalili nyingine ambazo hazisubiri asubuhi. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi naye hajaonja kileo, akachanganyikiwa, akashindwa kutaja jina la mwenzake au akawa anasinzia hata haamshiki vizuri, huyo ubongo wake unavimba. Ukiwa na shaka, mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, usibishane naye. Na mtu akihema kwa shida ilhali amekaa tu, akakohoa, kifua kikakoroma, pengine makohozi yakawa na povu au rangi ya damu, huyo mapafu yake yanajaa maji. Maradhi yote mawili huweza kuua kwa muda wa saa chache.

Tiba yake kubwa ni moja: kushuka, hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane na baridi ni kali. Kutoka Kibo hadi Horombo ni kushuka mita elfu moja, na mara nyingi kiasi hicho kinatosha kumrudishia mtu uhai wake. Mwamsheni kiongozi wa msafara. Mgonjwa asiachwe ashuke peke yake wala asiachwe kibandani wenzake wakaenda kileleni. Kama pana oksijeni apewe, lakini oksijeni na dawa zisiwe sababu ya kuchelewa kushuka.

Ndugu msomaji, usimchanganye mgonjwa huyu na jambo jingine la kawaida. Kwenye vituo vya juu mtu aliyelala anaweza kupumua haraka haraka, kisha akanyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kubwa. Inatisha kuisikia gizani, lakini peke yake si maradhi. Tahadhari ni kwamba asimeze vidonge vya usingizi, kwa sababu vinapunguza pumzi ambayo tayari ni haba.

NENO "JIKAZE"

Tatizo kubwa kwenye kibanda mara nyingi si kukosa dawa. Ni ulimi wa wenzake mgonjwa. Kijana anasema kichwa kinampasuka, anajibiwa: "Jikaze, wewe ni mwanamume, tumebakiza usiku mmoja." Mwingine anamkumbusha fedha zilizolipwa. Naye kwa kuona haya ananyamaza, na saa sita usiku anavaa viatu anaondoka nao. Na mpagazi ananyamaza zaidi, maana anaogopa kukosa ujira wake.

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake maadamu anaweza kutumia maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawalaumu wale wenzake kuwa ndio waliomuua, na akawafundisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza.

Tuzingatie hapo. Wale hawakumpiga wala hawakumnyima chakula. Walimpa jibu gumu bila ya elimu, na lawama ikawaangukia. Basi anayemwambia mgonjwa wa mwinuko "jikaze" naye hana elimu ya maradhi hayo, na aogope kusimama mahali pa watu wale. Kilele si faradhi. Kuihifadhi nafsi ni wajibu.

TWAHARA KWENYE BARIDI

Wapo vijana wanaoacha sala kabisa mlimani wakisema "maji ni barafu". Wapo na wengine wanaojimwagia maji ya baridi kali alfajiri wakidhani hiyo ndiyo imani. Wote wawili wamekosea, kwani Allah (s.w.) ameiweka njia ya katikati.

Kwanza, maji yakiwepo na moto upo, yapashe joto. Omba kwa mpishi kopo moja la maji ya vuguvugu. Kutawadha hakuhitaji ndoo. Pili, ukivaa khuffu, yaani viatu au soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu, baada ya kutawadha wudhu kamili, unaruhusiwa kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu: mkaazi mchana na usiku mmoja, msafiri michana mitatu na usiku wake. Kwa afya hii ni neema kubwa, maana mguu uliolowa ukaingizwa kwenye soksi usiku wa Kibo ni mguu unaokaribisha ganzi na kuganda. Kuhusu soksi za kitambaa, wanazuoni wana maneno. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka.

Tatu, maji yakikosekana, au ukachelea madhara na huna namna ya kuyapasha, tayamamu. Amr bin Al-As (r.a.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali katika msafara wa Dhatus-Salasil. Alihofia kuangamia akioga, akatayamamu na akawasalisha wenzake. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza, alitaja ile aya ya Suratun-Nisaa inayokataza watu kujiua. Mtume (s.a.w.) akacheka na wala hakumkemea. Kama sala hiyo hulipwa au hailipwi, wanazuoni wametofautiana, na hilo nalo liulizwe mapema. Kituo cha Kibo hakina chemchemi. Maji huletwa kwa mabega ya wapagazi kutoka chini, kwa hiyo usiyamwage ovyo.

Aliyetoka mbali, kama Tanga au Dar es Salaam, ana rukhsa ya kupunguza na kukusanya sala, na inamfaa sana. Anayeishi Moshi au Marangu aangalie, kwani masafa yake ni mafupi. Kibla kutoka Kilimanjaro ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo. Sala ya Alfajiri ya siku ya kilele itakukuta njiani juu ya Kibo. Simama kando ya njia uisali na viatu vyako maadamu ni safi, usisubiri kushuka.

USAFI NA USALAMA WA KIBANDA

1. Usiingize jiko la mkaa wala la gesi ndani ya kibanda ili upate joto. Moshi wake usio na harufu huua watu wamelala.
2. Vua nguo zote zilizolowa jasho au mvua kabla ya kulala. Weka pembeni soksi kavu na fulana kavu za kulalia tu, na funika kichwa.
3. Maji ya kunywa yachemshwe. Mlimani maji huchemka kabla ya kufikia joto la nyuzi 100, kwa hiyo yakishachemka yaachwe yatokote dakika tatu.
4. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula. Kuhara kwa mtu mmoja kwenye kituo huenea haraka, naye mwenye kuhara hupoteza maji anayoyahitaji.
5. Kwa istinja beba kopo lako. Ukitumia karatasi, itupe mahali palipowekwa, usiiache vichakani wala karibu na kijito. Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia kwenye njia za watu na vyanzo vya maji.
6. Wanawake waombewe chumba chao mapema, siku ya kulipia safari. Ukingoja kuomba usiku pale Kibo, unaweza kukuta vitanda vimeshajaa watu wa kila aina.
7. Mwenye haja usiku avae viatu na koti, achukue tochi na amwamshe mwenzake. Kujizuia kunywa maji ili usitoke nje ni kujidhuru.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Mzazi, mpeleke kijana wako kwa daktari kwanza. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande, kwani upungufu wa oksijeni huamsha maumivu yake na unaweza kumuua. Hata mwenye kurithi selimundu kwa upande mmoja tu amwambie daktari. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye maradhi ya moyo, pumu au shinikizo la damu. Mwenye kisukari ajue kwamba insulini ikiganda huharibika. Ailaze pamoja naye ndani ya begi la kulalia. Ipo pia dawa ya asetazolamidi inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini itolewe na daktari, na haigeuzi safari ya haraka kuwa salama.

Kama kijana wako anakwenda kubeba mizigo, mkague kama unavyomkagua mwanafunzi. Blanketi moja na raba zilizotoboka hazimfai mtu wa Horombo. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe: "Mwanangu, ukiumwa sema, na wakikuambia jikaze, shuka. Mimi nakutaka wewe, si hiyo fedha."

Na wewe kijana unayekwenda na wenzako, muwekeane ahadi mkiwa bado getini Marangu: yeyote atakayeumwa atasikilizwa, na atakayemsindikiza kushuka hatasemwa kuwa ameshindwa. Kilele kitakuwepo mwakani, inshaallah.

Tunamuomba Allah (s.w.) awahifadhi wasafiri wetu, awarudishe majumbani wakiwa wazima, na atujaalie tuwe wenye kuulizana kabla ya kuangamizana. Wabillahi tawfiq.